Risasi Moja Wakati wa Kubadilishana Zamu: Uchambuzi wa Kisa cha Kituo Kidogo cha Polisi, Lubumbashi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, katika kituo kidogo cha polisi kwenye komini (sehemu ya utawala ya mji) ya Katuba mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, polisi aliyekuwa anamaliza zamu ya usiku alifyatua risasi moja akiwa uani. Risasi ilipenya geti la mabati, ikavuka barabara ya vumbi, ikampiga kijana wa miaka 19 aliyekuwa amesimama kwenye meza ya mama anayeuza chai na mandazi. Ilimwingia pajani. Kabla ya saa mbili alikuwa amefariki.

Kisa hiki nimekiunga kwa ajili ya kufundishia. Hakuna familia moja ambayo mambo haya yote yaliipata kwa mpangilio huu, ndiyo maana hutaona jina la mtu wala la kituo. Lakini hakuna kipande chake ambacho mkaazi wa komini za Katuba, Kenya au Ruashi atakishangaa. Sheria ninazozitaja zipo, mahakama zipo, na bunduki inafanya kazi jinsi nitakavyoieleza. Ninataka msomaji aone kwamba kifo hiki kiliandaliwa saa nne kabla ya risasi kutoka, na kwamba walioshiriki kukiandaa ni wengi kuliko yule mmoja anayefungwa pingu.

Usiku wenyewe

Zamu ya usiku ina polisi watano na bunduki tatu aina ya AK. Kituo hakina ghala la silaha. Kuna kabati la chuma ofisini kwa kamanda, lina kufuli, na ufunguo anao kamanda mwenyewe ambaye analala nyumbani kwake. Kwa hiyo alfajiri bunduki hazirudi kabatini. Zinapokezanwa uani, anayeondoka akimkabidhi anayeingia. Daftari la silaha lipo. Ukurasa wa jioni hiyo una mstari mmoja: tarehe, maneno "AK 3, sharjeri 3" (sharjeri ni kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki), na sahihi moja isiyosomeka. Namba za bunduki hazikuandikwa. Risasi hazikuhesabiwa. Nani alipewa bunduki ipi, daftari halisemi.

Saa nane usiku watu wa avenyu ya nyuma walianza kupiga masufuria na filimbi kuwaamsha majirani: wezi wameingia kwenye kiwanja. Polisi wawili walitoka mbio. Mmoja wao, mwenye cheo cha brigadier, ambacho katika polisi ya Congo ni cheo cha chini, alikoki bunduki yake njiani, jambo ambalo katika giza lile sitamlaumu nalo. Wezi walikuwa wameshatoroka. Baada ya nusu saa wale polisi walirudi kituoni na zamu ikaendelea. Bunduki ilikaa na risasi ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, tangu saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Iliegemezwa ukutani, ikabebwa begani, ikapitishwa karibu na mahabusu wawili waliokuwa wamelala sakafuni. Hakuna aliyemwambia brigadier aitoe ile risasi, wala hakuna aliyekuwa amepangiwa kazi ya kumwambia.

Upelelezi wa kawaida huanzia pale mlio uliposikika. Mimi ningeuanzia saa nane na nusu, pale wawili hawa walipovuka geti kurudi ndani, kwa sababu hapo ndipo taratibu ya kikosi chochote chenye nidhamu inamtaka mkuu wa zamu asimame mlangoni na kuuliza: silaha zikoje?

Jinsi risasi ilivyotoka

Anayetaka kuelewa kesi za namna hii hana budi kuielewa bunduki yenyewe, walau kidogo. Mawakili wengi huiruka sehemu hii, na wanapoiruka wanaiacha kwa mashahidi wa upande wa polisi peke yao.

Sharjeri ya kawaida ya AK hubeba risasi 30 za milimita 7.62. Ukivuta mkono wa kukoki na kuuachia, bolti inarudi mbele, inachukua risasi ya juu kutoka kwenye sharjeri na kuiingiza katika chemba. Ukivuta mara ya pili huku sharjeri ikiwa bado imo, ile iliyokuwa chemba inarushwa nje ikiwa nzima na nyingine inachukua nafasi yake papo hapo. Vuta mara kumi: utaokota risasi kumi mchangani, na bunduki bado imejaa. Kuondoa sharjeri peke yake nako hakutoshi, maana risasi iliyokwisha kuingia chemba haiondoki pamoja na sharjeri.

Kwa hiyo mpangilio ndio kila kitu. Mtutu unaelekezwa mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Sharjeri inatolewa kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Kisha kizuizi, ile swichi ya usalama inayoizuia bunduki isifyatue, kinashushwa, bolti inavutwa, risasi iliyobaki inaanguka, bolti inashikiliwa nyuma, na mtu anatazama ndani ya chemba kwa macho, na kukiwa giza anaingiza kidole. Baada ya hapo tu ndipo bolti inaachiwa, kifyatulio kinavutwa mtutu ukiwa bado kule kule salama, kizuizi kinapandishwa. Mwenzake asimame pembeni aone kila hatua.

Brigadier aliacha sharjeri mahali pake. Alishusha kizuizi, akavuta, kitu kikaruka kikaanguka mchangani. Alikiona kikianguka na akaamini bunduki imebaki tupu. Akavuta kifyatulio ili kulegeza springi, kama alivyofundishwa miaka mingi iliyopita, mtutu ukiwa umeelekea getini. Nyuma ya geti kulikuwa na barabara, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na watu wanakunywa chai. Risasi ya AK hutoka mdomoni mwa bunduki kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde. Bati la geti haliizuii.

Kuna jambo dogo hapa linalonitia baridi kila ninapolieleza. Kwenye AK, kizuizi kikishushwa hatua ya kwanza, bunduki iko kwenye kufyatua mfululizo; ni mpaka kifike chini kabisa ndipo inatoa risasi moja moja. Brigadier alikishusha mpaka mwisho. Lau mkono wake wenye usingizi ungeishia katikati, tungekuwa tunahesabu maiti pale kwenye meza ya chai.

Mchangani palibaki vitu viwili: ganda moja tupu na risasi moja nzima. Ushahidi wa kesi nzima umekaa katika vitu hivyo. Ganda linasema risasi ilifyatuliwa hapo uani, si mahali pengine. Risasi nzima inasema kwamba chemba ilikuwa tayari imejaa kabla hajavuta, kwa hiyo bunduki ilikuwa imekokiwa tangu kabla. Na inasema kwamba sharjeri ilikuwa imo alipovuta, kwa sababu bila sharjeri kusingekuwa na risasi ya pili ya kutoka. Mtu anayejua bunduki akiviona vitu viwili hivi amelala kimoja karibu na kingine, hahitaji ungamo la yeyote.

Ganda liliokotwa na polisi mwenzake ndani ya dakika tano likaingia mfukoni. Risasi nzima ilikuwa imeingia chini ya benchi. Aliyeiona ni mama wa chai, aliyekimbilia ndani ya ua akipiga kelele, na kijana mmoja aliyekuwa nyuma yake akapiga picha kwa simu: benchi, risasi, geti lenye tundu. Bila picha ile ningekuwa naandika uchambuzi mwingine.

"Masasi ilijitokea, afande," brigadier alimwambia kamanda kwa simu. Sidhani alikuwa anadanganya. Ndivyo alivyoona mwenyewe: bunduki aliyoamini ni tupu imelia mikononi mwake. Hata hivyo neno lake linaweza kupimwa. Fundi wa silaha anaweza kuichunguza bunduki ile, kuona kama kifyatulio kimechakaa, kama kizuizi kinashika, kama inalia ikigongwa chini. Ikikutwa mbovu, wajibu unapanda kwa aliyeitoa itumike ikiwa mbovu. Ikikutwa nzima, wajibu unabaki mkononi. Lakini saa moja asubuhi bunduki zote tatu zilikuwa zimefungiwa kabatini pamoja, hazina alama, na daftari halina namba. Ni ipi? Kila mmoja alionyesha tofauti.

Dakika ishirini za kwanza

Mshipa mkubwa wa damu wa paja ukikatika kabisa, mtu anaweza kuisha ndani ya dakika chache. Kijana huyu aliishi zaidi ya saa nzima. Hilo linanifanya niamini kwamba angeweza kuokolewa. Alichohitaji ni mtu wa kukandamiza jeraha kwa nguvu zake zote, na kitambaa kipana kilichofungwa juu ya jeraha na kukazwa kwa kijiti hadi damu isimame. Kitenge cha mama wa chai kingetosha.

Polisi walifunga geti. Kwa muda wa dakika ishirini, ndani walikuwa wanapiga simu kwa wakubwa, nje raia walikuwa wanatafuta pikipiki. Kijana alipelekwa hospitali akiwa amekaa katikati ya dereva na rafiki yake, mguu ukining'inia.

Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka mambo mawili yafanyike mara moja polisi anapomjeruhi mtu: apatiwe msaada wa matibabu haraka iwezekanavyo, na ndugu zake waarifiwe. Kituo hiki hakikufanya hata moja. Mama mzazi alipata habari kutoka kwa watoto wa jirani.

Katika hati ya mashtaka dakika hizi ishirini huwa hazionekani, kana kwamba kosa lilikwisha pale mlio uliponyamaza. Kwangu mimi hili ni kosa la pili, lina wahusika wake, na kamanda aliyekuwa kwenye simu akiamrisha geti lifungwe ni mmoja wao.

Risasi za hewani

Saa tatu vijana wa mtaa walirudi na mawe. Polisi wa zamu mpya, wakiwa wametolewa tena bunduki zilezile kabatini, walifyatua hewani kuwatawanya. Watu wa Lubumbashi wameizoea milio hii kiasi kwamba wengi hawaiulizi tena, ilhali kila risasi iliyopanda inashuka mahali fulani, na iliyopigwa kwa kuinamisha mtutu kidogo hushuka ikiwa na nguvu ya kuua. Nyumba za Katuba zimeezekwa mabati.

Lakini milio hii naitaja hapa kwa sababu nyingine. Asubuhi ile, kwa saa tatu hivi, bado ilikuwa inawezekana kuzihesabu risasi za sharjeri zote na kujua ni ipi iliyopungukiwa. Baada ya milio ya saa tatu, hesabu hiyo haikuwezekana tena. Sitasema walifyatua ili kufuta ushahidi. Nasema tu kwamba ulifutika, na kwamba mkuu aliyefika kabla ya saa tatu alikuwa na wajibu wa kuziweka silaha za zamu ya usiku pembeni, kuzifunga, na kuwapa polisi wa mchana nyingine au kuwaondoa.

Shtaka gani?

Polisi wa Congo hahukumiwi na mahakama ya kiraia kwa kosa la kikazi kama hili. Ibara ya 156 ya Katiba ya Februari 18, 2006 inazipa mahakama za kijeshi mamlaka juu ya makosa ya wanajeshi na ya Polisi ya Taifa. Jalada linakwenda kwa auditora wa kijeshi, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi, na kwa polisi wa cheo cha chini mahakama inayofaa ni ile ya kijeshi ya garnizoni.

Familia inataka neno moja: mauaji. Nawaelewa. Mtoto wao alitoka kunywa chai. Lakini mauaji katika Kanuni ya Adhabu ya Congo yanahitaji nia ya kuua, na risasi nzima iliyolala chini ya benchi inathibitisha kinyume chake: huyu mtu alikuwa anajaribu kuondoa risasi, kwa njia mbovu. Kifungu kinachomkaa ni cha 52 na cha 53, kuua bila kukusudia, yaani kusababisha madhara kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari, bila nia ya kumdhuru mtu. Adhabu yake ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini.

Miaka 2 kwa maisha ya kijana wa miaka 19. Nimewahi kuona watu wakitoka nje ya chumba wanaposikia tarakimu hiyo, na sikuwa na cha kuwajibu. Bado naamini wakili wa familia anafanya vibaya anapoisukuma mahakama kuelekea shtaka la mauaji ambalo ushahidi wake mwenyewe unalivunja. Kesi inaanguka, brigadier anatoka, na familia inabaki na kaburi bila hukumu.

Kuna mashtaka mengine mawili ambayo mahakama za kijeshi huyapenda. Moja ni kutapanya risasi za vita, na lenyewe hupatikana kwa urahisi kwa sababu linahusu mali ya Serikali. Inauma kuona shtaka la risasi likithibitika haraka kuliko la mtu. La pili ni kuvunja amri ya kituo, ile Wakongo wanayoiita consigne. Hapa kisa kinageuka. Ili brigadier awe amevunja amri, lazima amri iwepo. Ukimwomba kamanda atoe amri ya maandishi inayosema jinsi silaha zinavyopakuliwa wakati wa kubadilishana zamu, nani asimamie, na mahali gani, hana. Haikuandikwa kamwe. Kwa hiyo shtaka hili linamponyoka brigadier, na palepale linafungua swali juu ya yule aliyepaswa kuiandika.

Maneno ya kifungu cha 52 hayasemi "aliyevuta kifyatulio". Yanamsema aliyesababisha madhara kwa kukosa tahadhari. Kwa maoni yangu maneno hayo yanatosha kumfikia kamanda anayeruhusu bunduki tatu zipokezanwe uani kila asubuhi, kuelekea geti, bila msimamizi, kwa miezi. Hakuwa anajua kwamba kijana fulani atakufa siku fulani. Alijua, au alikuwa na kila sababu ya kujua, kwamba siku moja, mojawapo ya zile bunduki italia. Kanuni za Havana, katika namba ya 11, zinataka kuwe na taratibu za kudhibiti, kuhifadhi na kugawa silaha, na taratibu za kuhakikisha kila afisa anawajibika kwa silaha na risasi alizopewa. Polisi ya Congo yenyewe ina sheria yake ya mpangilio ya Agosti 11, 2011, na sheria ya Juni 1, 2013 inayohusu hadhi ya polisi wa kazi, na ina Ukaguzi Mkuu, ambao kazi yake ni kuwachunguza polisi. Malalamiko ya familia yaende kwa auditora, na nakala iende kwa wakaguzi. Njia hizi mbili hazizuiliani.

Sanduku na sahihi

Siku ya pili ya kilio, kamanda alikuja na watu watatu, bahasha ya pesa za sanduku la maiti na mifuko miwili ya unga. Alikuwa na karatasi pia. Ilisema familia imepokea msaada na "haina tena la kudai". Baba mdogo wa marehemu, mzee aliyefanya kazi reli, aliisoma yote polepole, akairudisha.

"Mukubwa, sanduku tutapokea, mutoto lazima azikwe. Kusinye, hatutasinye."

Alifanya sawa kukataa kutia sahihi, na sidhani angeshauriwa vema zaidi na wakili. Kupokea msaada wa mazishi hakuondoi haki. Karatasi ile nayo isingeweza kuizima kesi ya jinai, kwa kuwa kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Iko mikononi mwa auditora na familia haina uwezo wa kuifuta. Lakini ingewaharibia madai ya fidia, na ingempa auditora mvivu kisingizio cha kuliacha jalada lilale. Fidia yenyewe inadaiwa ndani ya kesi ile ile ya kijeshi, familia ikijiunga kama upande wa madai, na inamwelekea brigadier pamoja na Serikali. Kitabu cha tatu cha Kanuni ya Kiraia, vifungu vya 258 hadi 260, kinasema aliyesababisha hasara kwa kosa au uzembe anailipa, na mwajiri anajibu kwa ajili ya mtumishi wake. Familia ijue mapema kwamba hukumu za fidia dhidi ya Serikali huweza kukaa miaka bila kulipwa. Zidaiwe hata hivyo. Hukumu inayoitaja Serikali inafungua mlango ambao hukumu ya brigadier peke yake haiwezi kuufungua.

Pipa la mchanga

Chukua pipa la chuma, likate nusu, lijaze mchanga, liweke pembeni ya ua mahali ambapo nyuma yake hakuna njia ya watu. Kila bunduki inayoingia au kutoka ipakuliwe mtutu ukiwa umeelekezwa ndani ya mchanga. Hicho ndicho kifaa chote. Brigadier angekosea vilevile asubuhi ile, sharjeri ikiwa imo na kifyatulio kikivutwa, na risasi ingezama mchangani. Polisi wangestuka, kamanda angefoka, kijana angemaliza chai yake.

Nimewasikia polisi wakijibu hoja hii, na jibu lao nalichukua kwa uzito. Wanasema mshahara unachelewa, wanalala nyumba za kupanga, hawakumbuki lini walipiga risasi za mazoezi, na mtu anakuja kuwaambia habari za pipa. Wanasema pia kwamba Lubumbashi si mji wa kulala na bunduki tupu; Machi 23, 2013 wapiganaji wa Kata Katanga, kundi lenye silaha linalotaka Katanga ijitenge, waliingia hadi katikati ya mji mchana kweupe. Yote ni kweli. Ila kukoki kunachukua sekunde moja, na polisi mwenye sharjeri iliyojaa kiunoni mwa bunduki yake hana bunduki tupu. Kinachoombwa ni chemba iwe wazi mpaka hatari ionekane, na ikishapita, risasi irudi. Kuhusu mazoezi: mpangilio wa kupakua hauhitaji risasi hata moja kuufundisha. Unafundishwa kwa bunduki tupu, uani, kila jioni, dakika tano kabla ya zamu.

Daftari nalo halina gharama. Namba ya bunduki, idadi ya risasi, jina, saa ya kupokea, saa ya kurudisha, sahihi mbili. Risasi 30 zikitoka na 29 zikarudi, mtu anaulizwa asubuhi hiyo hiyo. Polisi mwema ndiye wa kwanza kufaidika na daftari la namna hii. Katika kisa chetu, kila mmoja wa wale wanne wengine alishukiwa kwa siku kadhaa, na hakuwa na karatasi ya kujitetea. Mtaani uvumi ulisema brigadier alikuwa amekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji. Hakuna aliyempima. Pengine alikuwa amechoka tu, baada ya saa kumi na mbili za zamu, na sasa hana njia ya kuthibitisha hata hilo.

Kabla ya kikao

Hasira ya mtaa ikiwa kubwa, wakubwa hupenda kesi ya haraka: utaratibu wa makosa ya papo kwa papo, unaotokana na amri-sheria ya Februari 24, 1978, na ikiwezekana kikao cha hadhara kwenye komini yenyewe. Una faida yake. Watu wanaona kwa macho, mashahidi hawajatishwa, jalada halipotei. Baada ya mauaji ya Goma ya Agosti 30, 2023, ambako wanajeshi walifyatulia raia na zaidi ya watu 50 wakafa, kesi ilianza baada ya siku chache, na Oktoba 2 kanali mmoja alihukumiwa adhabu ya kifo. Wengi walishangazwa na mwendo huo, na kwa nchi yetu ulikuwa jambo la kushangaza kweli.

Kwa kisa kama hiki cha Katuba naona hatari. Kesi ya siku tatu itamhukumu brigadier na kuishia hapo. Fundi wa silaha hataitwa, kamanda atakuja kama shahidi na kuondoka kama shahidi, na wiki inayofuata bunduki zilezile zitapokezanwa katika ua uleule. Kama kesi ya haraka haizuiliki, upande wa madai uombe mambo haya kwa maandishi siku ya kwanza: bunduki zote tatu ziletwe na zipimwe, ganda lililookotwa lilinganishwe na kila moja, kwa kuwa kila bunduki huacha alama yake kwenye ganda, picha ya simu ipokelewe pamoja na simu yenyewe, aliyeamuru geti lifungwe atajwe, na jalada la kamanda litenganishwe lifuatiliwe peke yake, badala ya kumezwa na la brigadier.

Na daftari la silaha liletwe mezani, la miezi sita nyuma, si la jioni ile tu. Kama halipo, au kurasa zake hazina namba wala hesabu, karani aandike hivyo kwenye kumbukumbu ya kikao kabla shahidi wa kwanza hajaitwa, ili siku ya rufaa mbele ya Mahakama ya Kijeshi ya Haut-Katanga asitokee mtu na daftari jipya.